Kunasa Bila Ulimbo: Siku Sita Unguja na Pemba

Jumanne, Forodhani

Kwa miaka kumi na mmoja nimepiga picha watu walioketi. Studio yangu iko Tanga, chumba kimoja chenye pazia la buluu na kiti kisicho na mgongo, na kazi zinazoingia ni paspoti, vitambulisho, mahafali na maharusi. Siku nzima ni kusema inua kidevu, tulia hapo hapo, usipepese macho. Safari hii nimekuja kutafuta kinyume chake: picha za kitu kilicho juu, kisichogusa chochote.

Neno lenyewe ndilo lililonitoa nyumbani. Kuruka. Chura huruka na tai huruka. Mtoto huruka kamba, mwanafunzi huruka swali gumu, mtu aliyezidiwa hurukwa na akili, redio hurusha matangazo, na kwenye kumbi za taarabu watu hucheza rusha roho mpaka alfajiri. Ndege naye ni vivyo hivyo: kuna mwenye manyoya, kuna mwenye injini, na kuna yule asiyeonekana, ambaye mama yangu alimtaja kila safari ilipoanza kwa kujikwaa mlangoni. "Ndege mbaya huyo, rudi ukae kidogo." Niliona lugha inayotia vyote hivi kwenye kapu moja lazima imeona kitu, nami nikataka kukiona kwa jicho la kamera.

Boti ilifunga gati Malindi, bandarini Unguja, mchana. Saa kumi na moja jioni nilikuwa Forodhani, na maji yalikuwa yamejaa. Ni bamvua, mwezi uko mpevu, na siku za bamvua bahari ya Unguja hujaa kuanzia saa kumi hivi. Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini kwa madaha kutoka ukingoni, wanajua saa hizo kwa kichwa. Walikuwa zaidi ya ishirini. Mmoja mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye miti, anakimbia pekupeku juu ya mawe, nyayo zinapiga pa pa pa, na kwenye ukingo hakuna tena nyayo. Kuna mwili tu, uliojikunja kama kamba wa kuchemsha, kisha unakunjuka, kisha maji. Kuna anayezunguka mara moja, kuna anayezunguka mara mbili, kuna anayeruka kinyumenyume macho yakiwatazama watu. Kijana mmoja wa kaptura nyekundu, miaka kumi na sita labda, alikuwa na namna yake: akifika juu kabisa hufungua mikono na kusita. Najua hakuna kusita hewani. Lakini ukimtazama, unamwona amesita.

Mwaka 1960 msanii wa Ufaransa, Yves Klein, alipigwa picha akijitupa kutoka juu ya ukuta kwenye mtaa mtulivu wa Fontenay-aux-Roses, karibu na Paris. Kifua mbele, mikono ameitandaza, chini yake barabara tupu, na mbali mtu anakwenda zake na baiskeli. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Ukweli ni kwamba pale chini walikuwepo rafiki zake wameshika turubai, na wapiga picha wake, Harry Shunk na János Kender, waliunganisha picha mbili ili turubai na watu wake wasionekane. Simlaumu Klein. Alitaka kuonyesha mtu aliyeiamini hewa. Ila tangu leo jioni, nikiifikiria picha ile, naona vijana hawa wamemtangulia. Wao hawana turubai la kuficha. Wana maji, na maji yana saa zake, na atakayekosea saa atakutana na mawe.

Nilipiga picha mia mbili na arobaini. Usiku, kwenye kitanda cha nyumba ya wageni, nilizitazama zote na hata moja haikuwa kali. Lenzi ndefu niliyoikodi Dar es Salaam ilikuwa mbovu, fokasi yake haishiki, na aliyenikodisha alijua, kwa sababu alinihimiza nisiijaribu dukani. Nilikasirika sana. Pesa ile ilikuwa ada ya muhula ya mwanangu wa pili, na nilikuwa nimeahidi kuirudisha kwa picha.

Usingizi ulikataa, nikamkumbuka chozi. Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Pongwe. Watoto wakubwa walinifundisha ulimbo: unakinga utomvu wa fenesi, unauchemsha kidogo na mafuta, unaupaka kwenye kijiti, unakichomeka karibu na maua ya mgomba. Asubuhi chozi alikuwa amenasa. Mdogo, anaenea kiganjani mwangu, kifua kinang'aa kama mafuta ya petroli juu ya dimbwi. Nilipomvuta, manyoya ya bawa la kushoto yalibaki kwenye kijiti, yamejipanga vilevile kama yalivyokuwa mwilini. Nilimsafisha kwa mafuta ya taa kwa sababu ndivyo nilivyoona baba akisafisha mikono yake. Alikufa kabla ya magharibi. Kiswahili sanifu kinaiita kazi yangu picha mnato, na sote husema kunasa picha, na mimi kila nikisikia maneno hayo naona kile kijiti.

Jumatano, Mji Mkongwe

Asubuhi nilipita Kenyatta Road kwenye Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Kwa mtu wa kazi yangu ni kama kuzuru. Kuta zimejaa picha za rangi nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani: jahazi, vichochoro, mabibi wa mjini, watu wa jumba la kifalme. Nilisimama sana mbele ya picha ya jahazi. Tanga limevimba na upepo, na ukiziba mwili wa chombo kwa kiganja, kinachobaki ni bawa.

Kisha nikaenda kwenye makumbusho madogo ya Bibi Salme. Hadithi yake wengi wetu tunaijua kijuujuu. Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844. Akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba, na Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza iliyompeleka Aden. Huko akabatizwa kwa jina la Emily, wakaoana mwaka uliofuata, wakahamia Hamburg. Nilichokuwa sikijui ni jina la manowari. Iliitwa Highflyer. Kwa lugha yetu ni Mrukajuu. Nilisoma mara tatu nikihakikisha.

Picha yake mashuhuri ilipigwa Hamburg, baada ya haya yote. Amevaa nguo za kwao, suruali ya marinda na kanzu, mapambo kifuani, na amesimama kimya kabisa kama ninavyowataka wateja wangu wasimame. Mtu aliyeacha ndugu, dini, jina na jua, na picha haina hata ukunjo mmoja wa mbio. Unapaswa kujua ndipo uone. Nikailinganisha kichwani na picha nyingine ya kutoroka, ya Peter Leibing, aliyoipiga Berlin tarehe 15 Agosti 1961. Askari wa Ujerumani Mashariki, Conrad Schumann, miaka kumi na tisa, yuko juu ya seng'enge, mguu mmoja umeshatua upande wa pili kwa nia, mkono unaivua bunduki begani. Ukuta wa Berlin wenyewe ulikuwa na umri wa siku mbili. Kwa Leibing kukimbia na kuruka ni kitu kimoja, chini ya sekunde moja. Kwa Salme mruko ulichukua maisha yote, na mwaka 1886 alipochapisha kumbukumbu zake alikuwa bado hajatua. Nadhani ndiyo maana mpiga picha wa Hamburg hakuweza kuupata. Picha yake naipenda zaidi.

Mtaa wa Gizenga kumejaa picha za tingatinga, ukutani, mlangoni, hata sakafuni. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, na alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na leo hupiti kichochoro bila kukutana na ndege wake wa madoadoa. Nilimkuta kijana anachora mezani, anatia nukta nyeupe kwa ncha ya kijiti, nukta baada ya nukta, bila kupumua. Nikamuuliza mbona ndege wake wote wametua.

"Akiruka anakonda, kaka," akasema. "Aliyetua ndiye mwenye nafasi ya madoa."

Jibu la fundi. Nimelibeba siku nzima.

Jioni nikarudi Forodhani na lenzi yangu ya zamani, fupi, milimita 50, ambayo nimeitumia kwa paspoti tangu nifungue studio. Haiwezi kuvuta, kwa hiyo ilibidi nisogee. Nilipiga magoti kwenye ukingo wenyewe, nikawaomba ruhusa, wakanipangia pa kukaa nisigongwe. Shata nikaiweka sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa karibu hivyo mambo ni mengine. Unasikia pumzi inavyovutwa kabla ya hatua ya mwisho. Unaona vidole vya miguu vinavyoshika jiwe kama vya mkono. Kijana wa kaptura nyekundu alipita juu yangu kichwa chini, uso wake uko sawa na wangu, macho wazi, na tone la maji likitoka puani kwenda kwenye paji la uso, maana kwake chini kulikuwa juu. Nililowa chapachapa. Niliipata.

Alhamisi, Paje

Dala dala asubuhi, kurudi jioni. Upepo wa kusi unavuma, na bahari yote ina matiara ya wageni, makubwa kama paa la kibanda, yanayomvuta mtu juu ya ubao na kumnyanyua. Ni mazuri, na picha zilitoka nzuri, lakini hazikunigusa.

Kilichonigusa kilikuwa nyuma ya nyumba, mbali na ufuo. Watoto watatu walikuwa na tiara la gazeti na njiti za chelewa, mkia wa vitambaa vya kanga, uzi wa kufumua kutoka kwenye kiroba. Lilipanda mpaka juu ya minazi. Mdogo wao alipopewa uzi alishtuka, akasema, "Linanivuta!" Akacheka, kisha akaacha kucheka, akashika kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa anachambua mwani barazani. Nilimwomba ruhusa, akakubali. Katika picha tiara halionekani. Kuna mtoto tu na uzi unaotoka nje ya picha.

Ijumaa, Unguja kwenda Chake Chake

Ndege ndogo, abiria kumi na wawili, rubani unamgusa bega ukitaka. Karibu nusu saa. Nilipewa kiti cha dirishani nyuma ya bawa.

Ile picha ya kwanza kabisa ya ndege yenye injini ikiwa angani, ya tarehe 17 Desemba 1903, ilipigwa na mtu ambaye hakuwa mpiga picha. John T. Daniels alikuwa wa kikosi cha uokoaji baharini pale Kitty Hawk, Marekani, na hakuwa amepiga picha maishani mwake. Orville Wright aliitega kamera mapema akamwonyesha cha kubonyeza. Ndege ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda mita 36 hivi, urefu ambao kijana wa makachu huukimbia kabla ya kuruka. Katika picha Orville amelala kifudifudi juu ya bawa, na ndugu yake Wilbur amesimama pembeni, amebakia na mwili wa mtu aliyekuwa akikimbia na kitu mkononi kisha kikamtoka. Mimi humtazama Wilbur zaidi. Ndivyo alivyokuwa mtoto wa Paje.

Juu ya mkondo wa Pemba jua lilikuwa upande wangu wa nyuma, na kivuli cha ndege yetu kilikuwa kikienda juu ya maji, kidogo, cheusi, chenye mabawa. Nilikipiga picha. Jioni nilimwonyesha mwenyeji wangu wa Chake Chake, mtu wa makamo, mvuvi wa zamani. Aliitazama akanyamaza.

"Kivuli kama hiki ndicho kilichompa jina," akasema.

Alikuwa anamsema popobawa, jini la usiku linalohofiwa visiwani. Mwaka 1995 hofu ile ilipoingia Pemba na kuvuka Unguja, watu walilala nje, familia nzima, jamvi moja, moto katikati, kwa sababu ilisemwa kwamba humjia aliyelala peke yake ndani. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wakati huo. Hakunieleza kama alimwona. Alinieleza jinsi bibi yake alivyokaa macho hadi alfajiri akiwahesabu wajukuu kwa kuwagusa vichwa. Hakuna picha ya popobawa popote, na sidhani kama itakuwepo. Lakini muulize mtu wa umri wake akuchoree bawa lile na mkono wake hautasita. Huo nao ni mruko, na umechorwa ndani ya watu. Sikuendelea kumuuliza. Tulikula wali na samaki wa kupaka, tukazungumza bei ya karafuu.

Jumamosi, Kidike

Kidike ni kijiji cha mashamba, nje kidogo ya barabara ya kwenda Wete. Mzee anayetunza msitu alinipokea chini ya mkarafuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuwatazama au kuwarusha?"

Nikamuuliza tofauti. Akaniambia wapo wageni wanaopiga makofi chini ya miti ili popo waruke mchana, wapate picha yao waondoke. "Wakirushwa mchana wanachoka, na wenye watoto wanaweza kuwaangusha. Ukitaka waruke, kaa. Magharibi wataruka wenyewe."

Ilikuwa saa nane. Nikakaa.

Popo wa Pemba hapatikani kwingine duniani. Si yule mdogo wa darini. Huyu ni mkubwa, rangi ya kutu, uso kama wa mbwa mdogo, na akikunjua mabawa hufika mita moja na nusu, hata kuzidi. Hula maembe, kungu, kuyu na mashelisheli, na mbegu anazozitema na kuzinya mbali ndizo zinazoota miti mipya. Zamani walipigwa bunduki kwa ajili ya kitoweo na miti mikubwa ikakatwa, mpaka kufikia miaka ya 1990 mwanzoni wakawa wanahofiwa kutoweka. Vijiji kama Kidike viliunda vilabu vya kuwalinda, na wamerudi. Mzee alisema yote haya kwa maneno machache, kisha akaongeza kitu kimoja: utotoni alikula nyama yake. "Tamu," akasema, na akawatazama juu.

Saa nne za kungoja hazikuwa za bure. Jua lilipokuwa kali walijipepea, bawa moja moja, taratibu, kama bibi na kipepeo chake cha ukili. Mmoja alining'inia peke yake kwenye tawi la chini, amejifunika mabawa mpaka shingoni, nikampiga picha nyingi. Bawa la popo ni mkono. Jua likipita nyuma yake unaiona mifupa ya vidole, mirefu, imetanuliwa kama vyuma vya mwavuli, na kati yake ngozi nyembamba yenye mishipa inayotawanyika kama mito kwenye ramani. Dole gumba limebaki nje, lina kucha, nalo hulitumia kushikia tawi. Kwa hiyo anaruka kwa vidole vinne na kushika dunia kwa kimoja.

Nilimweleza mzee habari za Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyetengeneza bunduki ya picha mwaka 1882. Ilikuwa na mtutu na kitako kama bunduki kamili, na ndani, badala ya risasi, kisahani kilichozunguka na kupiga picha kumi na mbili kwa sekunde. Alikuwa akiwalenga ndege nayo, anavuta kifyatulio, na ndege wanaendelea na safari yao. Kwa njia hiyo aliona kwa mara ya kwanza bawa linavyojikunja likipanda na kujinyosha likishuka.

Mzee alifikiri. "Bunduki yake ilifika Pemba?"

"Hii hapa," nikasema, nikainua kamera. Aliishika, akailenga juu, hakubonyeza, akanirudishia.

Dakika chache kabla ya adhana msitu ulianza kelele. Kwanza akaachia mmoja. Popo hawezi kuanzia chini kama kunguru. Huachia tawi, huanguka, na katika kuanguka kule ndipo hufungua mabawa, na mwanguko unageuka mruko. Nikamkumbuka kijana wa kaptura nyekundu. Kisha watano, kisha mamia, bila kishindo, wakielekea kwenye miembe ya mbali huku mbingu ikiwa rangi ya ganda la embe dodo. Mwanga ulikuwa unakimbia nami nilikuwa na lenzi ya paspoti. Nyingi zilitoka giza. Moja ilitoka: jike, mabawa wazi yote mawili, na kifuani amekamatiwa na mtoto, kichwa chake kidogo kimegeuka nyuma kuangalia kule walikotoka.

Nilimwonyesha mzee. Alikaribia kioo cha kamera mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. "Hesabu wawili hapo," akasema, na akaenda kuswali.

Jumapili, Forodhani

Boti ya Mkoani, bahari chafu, watu wengi walitapika. Nilichapisha picha nne Darajani na saa kumi na moja nilikuwa ukingoni.

Maji yalikuwa mafu. Hayajai hadi usiku, na hata yakijaa hayafiki juu. Vijana walikuwa wamekaa kwenye ukuta, miguu inaning'inia, wanakula mihogo na pilipili. Kijana wa kaptura nyekundu leo alivaa suruali. Nilimpa picha yake. Nilikuwa nimeishika kama nilivyoipiga: mbingu juu, bahari chini, yeye kichwa chini katikati.

Aliitazama muda. Kisha akaigeuza. Bahari ikaja juu, yeye akawa amesimama wima, mikono wazi, mawingu yako chini ya miguu yake.

"Hivi, ami," akasema. "Hivi ndivyo nilivyokuwa naona."

Wenzake wakainama kutazama. Mmoja akaniuliza nimepiga nini kingine huko Pemba, nikamwashia kamera, nikamtafutia yule popo wa tawi la chini, aliyejifunika mabawa. Kijana wa makachu akanyoosha mkono.

"Huyu naye mgeuze."

Nikaigeuza kamera. Popo alikuwa amesimama, joho limefungwa shingoni, anatutazama.